Seli Nilizosema Zimekufa

Mdogo wangu,

Huku hatujambo. Mama amebandika picha yako ya gazetini sebuleni, na kila mgeni anaambiwa, "Huyu ndiye aliyegundua kazi ya ile jeni!" Mimi nipo pembeni, namimina chai.

Miaka minne nimeichunguza jeni hiyohiyo. Hutengeneza kimeng'enya kinachobandua alama kwenye protini zilizopangiwa kuharibiwa, zikanusurika. Ukanitangulia kuchapisha kwa wiki mbili. Nilikupongeza kwenye simu huku roho ikiniuma.

Ulipoomba seli zangu nilizozikuza maabara kuichunguza jeni hiyo, ili uhakikishe matokeo yako, nilisema zimekufa. Nilikudanganya. Zilikuwa hai, zimegandishwa kwenye friza ya maabara. Nimezituma leo asubuhi. Usinishukuru, maana kijicho bado hakijaniisha.

Ni mimi, dada yako