Alama za Tairi Kwenye Barabara Iliyoachwa

Mjukuu wangu Ekai,

Ejok, hujambo? Hapa Kakuma tuko salama. Nyanya yako anakusalimu, na mbuzi wamezaa. Unasema huko unaendesha baiskeli siku nzima kwenye njia ya reli isiyo na treni tena. Bado sijaelewa: unaenda kwa nani?

Unauliza kama nami niliwahi kuendesha hivyo. Ujanani nilitoka Lodwar na baiskeli, nikashika barabara ya zamani iliyoachwa na malori. Nikaona alama za tairi mchangani, upepo umezifuta hapa na pale, nikazifuata mpaka boma la mzee mmoja. Lori halikuwapo. Zilikuwa alama za akala zake, viatu vya tairi.

"Barabara hii inaenda wapi?" nikamuuliza.

"Inakuja kwangu," akasema, akanipa maziwa.

Mpaka leo sijui kama nilipotea.

Babu yako