Malkia Wawili na Kiti cha Baba

Na nyama haikuungua, Baba. Nianze na hilo, maana najua ndilo ungeuliza kwanza. Mbavu zilitoka na rangi ile ile uliyoipenda, chumvi imekolea, na aliyezichoma ni mume wangu. Mume wangu! Tangu harusi nalitaja neno hili hata pasipohitajika. Juzi nimemwambia muuza nyanya.

Shikamoo, Baba. Hukuwahi kumwona. Anaitwa Elia, anafundisha hesabu sekondari, mrefu, mpole, akicheka mabega hutangulia kutikisika kabla sauti haijatoka. Tumepanga vyumba viwili huku Miyuji, na dirishani nimetundika pazia la maua la mtumba. Siku hizi madukani kuna kila kitu, hata karata mpya za plastiki. Zile zako kuukuu, ulizozipaka nta ya mshumaa, nimezitunza kabatini.

Sasa nikusimulie Jumatatu ya Pasaka. Tangu ututoke, kiti chako cha kukunja kilikuwa uani kwa Mzee Lesilwa, kwenye meza yenu ya karata za poka, na wenzako walitaka kumpa mtu mwingine. Wiki chache kabla ya siku hiyo nikaenda kuomba nikikalie mimi. Mzee Lesilwa akakikunjua.

"Kaa, binti yangu," akasema. "Lakini nyama ikifika mezani ukiwa umeshatoka mchezoni, kiti kinapata mwenyewe mwingine."

Wote wakacheka. Wewe unajua kwa nini. Sheria yenu ni kwamba wa kwanza kuishiwa maharage ya kuwekea dau ndiye anayechoma mbuzi, na wa kwanza, mwaka baada ya mwaka, ulikuwa wewe. "Leo mpishi amewahi!" ndivyo walivyokutania, nawe ukavaa koti lako la kaki, ukaenda jikoni ukipiga mluzi. Ukala umesimama, Baba. Sikumbuki kukuona unakula ukiwa umekaa kwenye kile kiti.

Basi fungate yetu tuliimalizia kwenye poka. Elia akitoka shuleni, tunatandika mkeka, chai pembeni, ananigawia karata, mimi namwonyesha ulivyokuwa ukianguka. Umepewa malkia wawili, macho yanakung'aa, unasukuma bakuli zima la maharage: "Nikifa, nife na wake zangu!" Mama alikuwa anakununia mpaka Jumatano.

Elia aliuliza swali moja tu. "Kwani mwanzoni kuna nini mezani cha kugombea?"

Baba, hakuna kitu! Dau la lazima mwanzoni ni punje chache, linapanda kila birika linapochemka upya. Wewe ulikuwa unahatarisha bakuli zima kwa ajili ya kiganja cha maharage. Na kwa bakuli zima, nani atakufuata? Ni yule tu mwenye karata za kukuzidi. Nilitaka kukimbia nikakuambie, halafu nikakumbuka.

Tukakubaliana hivi: mchezo ukiwa mchanga, karata nyingi tunazitupa bila huruma. Tukiingia, tuingie kwa punje chache, na zamu yetu iwe ya mwisho, kwa sababu wa mwisho ameshaona wenzake wamefanya nini. Muda unaobaki tuwatazame watu. Ndivyo nilivyogundua siku ya Pasaka, mezani, kwamba Mzee Lesilwa akidanganya hushika kofia, na akiwa na karata za kweli husahau chai yake.

Sasa cheka. Elia naye walimkaribisha mezani, na wa kwanza kutoka alikuwa yeye! Mwalimu wangu wa subira alipewa majeki wawili, akasahau somo lote, akasukuma bakuli. Alinitazama kama mtu aliyeangusha trei ya mayai. Uani pakalipuka: "Mkwe amerithi jiko!" Wakamvika koti lako, mikono ikamwishia karibu na viwiko. Nilimpenda pale, Baba, kuliko hata siku ya kanisani.

Harufu ya nyama ilikuwa imeanza kutufikia nilipowapata. Malkia wa kopa na malkia wa shupaza. Wake zako. Nikaongeza maharage kidogo, Mzee Lesilwa peke yake akanifuata. Zikafunuliwa karata tatu za katikati, zile za wote: mfalme, na mbili ndogo ndogo. Mzee akasukuma bakuli zima.

Nilikusikia kabisa ukisema nife na wake zangu. Mtu akapaza sauti, "Mama, kamsaidie mumeo kupepea moto!" Nikakishika kiti chako kwa chini, turubai lile lililolegea. Nikatazama kikombe cha Mzee Lesilwa. Chai ilikuwa imejaa, imeota utando.

Nikawalaza malkia wako mezani, wazi wazi, nikawaacha waende bila kuongeza hata punje.

Mzee akafunua zake polepole: wafalme wengine wawili. Angelikomba bakuli langu lote. Akavua kofia. "Huyu marehemu angenipa bakuli, na koti juu yake," akasema, akacheka mpaka akafuta machozi, na sikujua ni ya kicheko au ya kukukumbuka.

Hapo ndipo Elia akaja na sinia, moshi kichwani, majivu kwenye nyusi, akanikuta nimekaa. Nimekaa, Baba! Aliniwekea ubavu wa kwanza mkononi. Nililia huku natafuna, na sikuona aibu hata kidogo. Mwishoni nilishika nafasi ya tatu, lakini hilo si kitu. "Kiti hakiendi popote," Mzee Lesilwa alitangaza, akakikunja mwenyewe, akakiweka ndani kwake mpaka Pasaka nyingine. Nitakikalia kila mwaka, na kila mwaka nitakula juu yake kwa niaba yako.

Pumzika, Baba yangu mpenzi. Kabla mwezi huu haujaisha tutapanda basi la Mpwapwa, mimi na Elia, tuje tukae kaburini kwako. Atavaa lile koti umwone. Nitakuja na wale malkia wako wa nta uwasalimie, kisha nitarudi nao nyumbani. Nakufahamu. Nikikuachia, utasukuma bakuli.

Binti yako