Fomu ya Kitinda

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na karakana ya sabuni inakwenda. Mimi mzima, ila fomu ya kuchagua kozi kuu inaninyima raha. Inarudishwa Ijumaa ya wiki ijayo.

Najua tulikubaliana Biashara. Lakini juzi mwalimu alituuliza kila mmoja atauza nini. Wenzangu wakaeleza matangazo na matawi. Nikasema sabuni ya mama. Akauliza, "Kwa nini haipasuki ikikauka?" Miaka yote naikata na kuipanga, sijui kinachotokea ndani ya sufuria.

Bado nataka kuja kuendesha karakana, ila nisome Kemia, Biashara iwe somo la pili. Unasemaje?

Mwanao,
Kitinda

9 Machi

Kitinda wangu,

Marahaba. Mgongo upo, unanikumbusha umri.

Nasema hapana. Sabuni naijua mimi, sikufundishwa darasani. Nisichokijua ni maneno ya wakubwa. Umemsahau yule mnunuzi wa hoteli? Alinisomea mkataba mbiombio, mimi natikisa kichwa kama mjusi, kumbe nakubali nisimuuzie mwingine mwaka mzima. Nilikupeleka chuo ili siku nyingine ukae wewe pale mezani. Mwenda bure si mkaa bure, sawa, lakini wewe hukwenda bure.

Mama yako

14 Machi

Mama,

Shikamoo. Pole na mgongo. Barua yako imenikuta nimesharudisha fomu. Niliandika Kemia. Ningeweza kukupigia simu. Sikupiga kwa sababu nilijua utasema nini. Nisamehe kwa kutosubiri. Kwa kuchagua, siwezi kuomba msamaha.

Mwanao,
Kitinda

2 Mei

Mama,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu, na simu hupokei. Dada anasema u mzima, ila Jumamosi huonekani karakana, na hasemi uko wapi. Hata kunigombeza, nigombeze.

Kitinda

20 Mei

Kitinda,

Marahaba, mwanangu. Sijambo.

Nilinuna, sifichi. Nikiwa bado nimenuna, sufuria nzima ikaharibika: mafuta juu, maji chini. Nikasimama na mwiko wangu, nisijue kosa liko wapi. Mimi niliyejidai naijua sabuni. Nikaona aibu, kisha nikaanza kufikiri. Ulichochagua kinahitajika hapa. Na nilichokutaka usome, nilikitaka kwa ajili yangu. Nani alinikataza kukisoma mwenyewe?

Basi Jumamosi naenda darasa la watu wazima, kozi ya biashara, miezi sita. Tuko kumi na tisa. Nimemzidi umri hata mwalimu. Huniamkia kwanza ndipo afundishe. Sikukuandikia kwa sababu nilitaka nione kwanza kama nitaweza.

Jumamosi iliyopita tulifanya mtihani wa kwanza. Nimefeli. Usicheke. Nasoma ukurasa nauelewa, nikifunga daftari wote umepotea. Hebu niambie, nyinyi huko mnasomaje mpaka mambo yakae kichwani? Niandikie upesi, tunarudia tarehe sita.

Mwanafunzi mwenzako,
Mama