Transfoma ya Jirani Yako

Mke wangu mpenzi,

Huku hatujambo. Binti yetu ameng'oka jino la mbele, sasa akicheka anaziba mdomo. Mama anakusalimu huko kazini kwako.

Ile transfoma uliyoniagiza ya redio ya jirani yako, ya kushusha umeme hadi volti kumi na mbili, nimeipata. Madukani haziuzwi tena. Nimezunguka kwa wauza vyuma chakavu mpaka nikaing'oa kwenye amplifaya mbovu. Muuzaji akaniuliza, "Fundi, ni mteja gani huyu anakuhangaisha hivi?"

"Jirani wa mke wangu."

Akaipangusa vumbi polepole.

Nimeipima, ni nzima. Ila moyo wangu haujatulia. Uliandika kwamba redio hiyo hunguruma kisha huzimika wakati unapika. Unapika jikoni kwa nani, mke wangu? Redio yetu ilikaa bubu miezi na miezi, hukuniambia neno, na fundi nilikuwa nalala ubavuni mwako.

Basi sitaituma. Nimeshakata tiketi, Jumamosi nitakuja nayo. Nitaifunga kwa mkono wangu, huyo bwana akinishikia tochi, nawe ukitutazama sote wawili.

Nisubiri nyumbani kwako, si kwake.

Mimi mumeo,
Fundi