Siku Brashi Ilipotulia

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe 14, alasiri.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kabla hata ya kukuuliza hali, niungame jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: siku ile kaka yako aliposema amehisi kidole cha mguu, mimi sikuwa nimemgusa.

Sasa naweza kukusalimu. Hujambo? Goti lako je, na baridi ya huko? Sisi wazima kiasi. Mama amekonda lakini siku hizi anacheka, na kicheko hicho ndicho kinachonitesa.

Unajua tangu Baba aanguke na ngazi yake ya kupakia rangi, uti wa mgongo ukaumia, chini ya kiuno hahisi kitu. Kliniki wanamvalisha miwani ya uhalisia pepe, mikubwa kama ya mchomelea vyuma. Humo anaona miguu yake ikitembea kwenye nyasi. Kila mguu wa kwenye miwani unapokanyaga, mimi napitisha brashi laini kwenye unyayo uleule, ili macho na ngozi viseme neno moja mpaka ubongo ukumbuke njia. Baba hunitania: "Miaka yote nimepaka kuta, leo ukuta ni mimi. Usiache michirizi, fundi!"

Siku hiyo mkono uliniuma. Nikaipumzisha brashi mapajani, hatua tatu tu. Baba akapiga ukelele: "Kushoto! Kidole gumba! Haki ya Mungu nimehisi!"

Mtaalamu wa viungo akaandika. Mama akalia. Unanijua, kusema mbele ya watu kwangu ni mtihani; nikaishika tena brashi, nikaendelea na unyayo. Labda alihisi kweli. Labda ni macho tu yaliyohisi. Sijui, Shangazi, na wa kumuuliza sina.

Zamani tulipima joto la maji yake kwa kiwiko kabla hajatia miguu. Sasa hataki. "Nina miguu yangu, itaniambia yenyewe." Jana nilimkuta ametia nyayo kwenye beseni linalofuka mvuke, anatabasamu. Zilitoka nyekundu kama nyanya. Eti damu inarudi! Mama naye akaitikia. Nikazimwagia maji baridi.

Nilijaribu kukuandikia haya kwa kile Kiingereza cha shuleni. Yakawa kama yamempata mtu mwingine. Kwa lugha hii yanauma, kwa hiyo nadhani ndiyo lugha yake.

Msalimie mumeo, na mwanao Kifungo, mwambie nataka picha ya pengo lake la jino. Mungu awafunike nyote huko mliko.

Nasikia ndala za Mama koridoni, zinakuja huku, na beseni linagonga ukuta. Ni maji ya moto ya Baba. Barua hii nimeshaificha mara nne chini ya kitabu cha Fizikia. Safari hii naiacha juu ya meza, maandishi yakitazama juu.

Akupendaye hata anaponyamaza,
Mtoto wa kaka yako