Deborah, sahani ya tante iko inangoja

Mwaka inazunguka, Deborah, Jumapili ile ile inarudi, na hapa Ruashi hatujazobelea bado kukaa bila weye. Mashine yako ya kushona iko pale pale ku dirisha. Vumbi ya mine ya shaba inaikalia, mama yako anaipanguza, inaikalia tena.

Nkambo yako, babu Mulenga, njo anasema haya maneno kwa jina ya familia yote. Masomo hakufika nayo mbali, unajua, ulikuwa unamucheka vile anasoma gazeti na kidole juu ya mustari. Basi bantu bamusamehe kama anazungukazunguka.

Kwa utani ya nkambo na mujukuu, ulikuwa unamuita bwana yako, na yeye anakuita bibi yake ya mwisho. Ukimuletea chai asubui: "Bwana yangu, njo shati gani hii? Utanipatisha haya ku soko." Kiisha unamuvua ile shati, unashona kifungo, sindano yote imepangwa ku kifua ya blouse yako kama medayi ya jenerali.

Bantu ba Ruashi banajua mukono yako. Batoto bengi balivaa uniforme ulishona na bipande bya kubakia, bila kuomba kitu. Na wakati vita ilichukua Goma, wakati tante yako Kyakimwa Angélique, dada ya baba yako, alifika hapa na sac moja ku bega, kiatu ya huku haifanani na ya huku, ni weye ulimupa kitanda. Ulilala chini ku mukeka. Ukamushonea robe, gauni ya bipande bya pagne, bitenge tofauti tofauti, ukamuambia asicheke, njo mode ya Paris. Baba yako Jérémie, alienda kwa biashara, alibakia kule Goma na mizigo yake. Barabara ilifungwa, ndege haikuruka tena, telefone inashika leo, kesho inakufa.

Kiisha ile homa. Kichwa ilikuwa inakuuma mupaka unalia. Ulishika makasi, ukatafuta jina yake, jina ikakosa. Ku lupitalo docteur Ngosa alisema ni virus, ile ile inatoaka bidonda ku midomo ya bantu, lakini kwako ilipanda mu bongo. Bakakutia dawa ku mushipa, ukapona. Ulirudi, ukakanyaga mashine, ukaimba. Tukafikiri imeisha.

Haikuisha. Wiki kidogo zilipita, na homa haikurudi, njo maana tulipotea. Kinywa yako ilikuwa inatafuna na hakuna kitu ndani. Haukulala. Ulicheka na ukuta. Nkambo yako alikuita bibi yangu, ukamuangalia kama muntu anapita mu njia. Kiisha ukaanza kusema tante Angélique anakutilia sumu mu bukari, ugali yako.

Hapa kwetu bantu banasema homa iko kazi ya docteur, lakini ugonjwa bila homa, kuko muntu nyuma yake. Mama yako Albertine, asilaumiwe. Mama mwenye kuona mutoto anamutoka mu mikono anashika chochote. Alisema, "Mutoto mugonjwa vile hawezi kudanganya."

Tante yako hakugombana. Alivuta sahani yako, akakula ile bukari na mboga ya lengalenga yote mbele ya parcelle nzima, bantu bote ba uwanja yetu, akapanguza sahani na kidole. Jirani moja akacheka, akasema, "Muloji, sumu ya muchawi haimuuaka mwenyewe." Basi hata kukula kwake ikawa kosa. Alitoka na ile sac moja, mvua iko inanyesha, ile robe ulimushonea ku mwili. Na weye bakakupeleka ku chumba ya maombi.

Wakati ulirudishwa kwa docteur Ngosa, ulikuwa hausemi tena. Alieleza polepole, nkambo yako anamurudisha nyuma kila mara juu ya kusikia muzuri. Virus ilikwisha kufa, alisema. Lakini mwili iliamusha basoda yake, maaskari, kwa kupigana nayo, na vita ilipoisha basoda habakurudi ku kambi. Beko banazunguka mu bongo, banapiga kwao benyewe. Ile nkambo yako aliielewa mbio; mu hii inchi, nani haielewi? Akauliza, na maneno ya sumu? Docteur akasema, "Papa, ile haikuwa Deborah. Ni ugonjwa ilikuwa inasema na kinywa yake. Na dawa yake iko, kama muntu anafika mapema."

Bakaianza ile dawa. Jumamosi ulifungua macho, ukamujua nkambo yako. Sauti ilikuwa ndogo. Haukuomba maji. "Bwana yangu," ulisema, "tante alikula?" Nkambo yako alikuwa angali anatafuta jibu, ukalala. Asubui, makanisa iko inaanza kuimba, ukaenda.

Baba yako alifika kwa kuzunguka Uganda, Tanzanie, Zambie, akaingilia Kasumbalesa, akakuta kaburi. Akauliza dada yake iko wapi, akaelezwa. Mupaka leo hakuli mu hii nyumba. Anakulaka ku dépôt ya mizigo yake, kusimama, kama dereva. Alisema atakaa ku meza siku Angélique atakaa. Mama yako anapika, anafunika, anafunua, chakula imepoa. Tunakwisha, Deborah. Nyumba ilikuwa na kelele yako, inakwisha.

Banasema tante alionekana Kipushi, anauzisha mahindi ya kuchoma. Nkambo yako alienda, akaenda tena, miguu ikavimba, akauliza ku kila moto. Bengine banasema alivuka Zambie. Basi anaomba kila mwenye kusikia hii kumbukumbu: ukiona mwanamuke ya asili ya Butembo, alitoka Goma, murefu, na robe ya pagne tofauti tofauti, umuambie hivi tu: docteur alisema ni ugonjwa. Haukutia kitu. Mutoto alikuulizia.

Jumapili, kiisha misa, bote bakuje hapa ku parcelle. Sahani ya tante itawekwa ya kwanza.

Tunakukumbuka shiye: baba yako Kakule Jérémie, mama yako Albertine Mutale, mudogo yako Graciella, bwana yako nkambo Mulenga, na tante yako Kyakimwa Angélique, popote iko. Ku kilio yako, siku ya kukuzika, jina yake haikusomwa. Leo inasomwa.

Lala, bibi ya nkambo. Hautatoka mu roho yetu hata siku moja. Na ile swali yako, tuko tunaitafutia jibu.