Bei ya Kumwona Aziza

Jumamosi, 5 Julai

Nimerudi kutoka parki ya michezo ya watoto. Miguu inauma. Mwenye toleka alinishusha njiani, matope mengi, baiskeli yake haipiti. Nilimalizia kwa miguu.

Kiingilio kimepanda tena. Na sasa gurudumu kubwa la kuzungusha watu juu lina tikiti yake, toboga ya kuteleza ina tikiti yake. Zamani ukiingia, umeingia. Nalipa yangu, ya Aziza, na ya Salima shangazi yake, maana ndiye anayemleta.

Gauni nililomshonea limekuwa fupi. Nilikata kwa kukumbuka. Mwanangu anakua mahali nisipoona.

Alipanda gurudumu, akashuka, nikamnunulia tikiti nyingine, akapanda tena. Mimi chini nikimpungia mkono.

Jumatatu, 7 Julai

Nimeshona sare za kwaya za Mama Bea, jirani. Alipokuja kujaribu yake akaniuliza kwa nini nakonda.

"Mama Aziza, kwa ile makuta ungenunua muchele, ukule vizuri. Parki iko ya batajiri."

Yeye wanawe wanalala naye nyumba moja.

Aziza alipofika miaka saba baba yake, Ramazani, alimchukua. Mtoto ni wa baba, wazee wakasema. Mimi nisiende kwake, Aziza asije kwangu, kila tukikutana na Ramazani ni ugomvi. Basi nimwone parkini, kila Jumamosi, shangazi akiwepo. Nilikubali palepale. Wangesema gerezani ningekubali.

Jumamosi, 12 Julai

Walichelewa. Salima alikula mishikaki yangu, akinitazama kama mtu aliyepewa mwizi amlinde. Namchukia. Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kulisema.

Aziza alipanda gurudumu. Watoto wengine wanapiga kelele kule juu, wanacheka. Yeye hakucheka. Ameshika chuma kwa mikono miwili. Labda amechoka.

Alhamisi, 17 Julai

Likizo. Hakuna sare za shule, hakuna wateja. Umeme hakuna pia. Nimeuza kikwembe, kitenge changu cha ndoa, kwa mwanamke wa sokoni. Alikipima, akanusa, akatoa kasoro. Sijali.

Uongo. Najali.

Jumamosi, 19 Julai

Kiingilio kimepanda tena. Msichana wa tikiti aliona aibu kuliko mimi. "Bon, mama, si miye. Mafuta ya mashini imepanda, alors patron naye anapandisha."

Nilibaki na pesa ya kutosha tikiti moja tu ya gurudumu. Nikainunua. Nikampa Aziza. Alimtazama shangazi yake, halafu mimi. Hakuondoka.

"Mama, nikikosa kupanda utakasirika?"

"Nikasirike juu ya nini?"

"Kule juu naogopa. Tangu mwanzo naogopa. Lakini weye unalipa."

Niliketi. Kulikuwa na kibao nyuma ya kioski, hapo hapo.

Jumamosi zote hizo. Nilinunua tikiti za kumpeleka mwanangu hewani, mbali nami, nikasimama chini kama mjinga. Naye akapanda ili nifurahi. Nani alikuwa mzazi hapo?

Alikuja akaketi karibu. Akalaza kichwa mapajani pangu. Nikafumua nywele zake, nikasuka upya, polepole. Tikiti sijui ilienda wapi.

Jumapili, 20 Julai

Nimelala vizuri. Sikumbuki mara ya mwisho.

Mama Bea ameuliza tena kama parki inastahili bei ile. Nimemwambia gurudumu halistahili hata nusu. Nimemwambia kuna kibao nyuma ya kioski. Hakuelewa, akaenda zake.

Jumamosi, 26 Julai

Mvua tangu asubuhi. Hawakuja. Nilisubiri getini mpaka wakafunga.

Jumatano, 30 Julai

Salima amekuja hapa nyumbani. Hajawahi. Nilijua ni kifo au ni safari.

Ramazani amepata kazi Kindu. Anahama na watu wake wote. Wanaondoka Jumatatu kwa njia ya Lubutu.

Salima alikataa kiti, kisha akaketi. "Mama Aziza, miye sina neno na weye. Nilitumwa tu." Nililia mbele yake. Nilitaka awe mtu mwingine yeyote. Alinishika bega, nikamwacha anishike.

Jumamosi, 2 Agosti

Getini Salima alitoa pesa yake mwenyewe. "Yangu nalipa." Kisha akakaa kule kule mlangoni, akatugeuzia mgongo. Mara ya kwanza tuko wawili, mimi na Aziza.

Nilibeba lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki kwenye bakuli. Tulikula kwa mkono. Aziza anapenda nimtolee miba ingawa anajua kuitoa. Nikamtolea.

Akauliza kama Kindu kuna mto. Nikasema upo, mkubwa, ni huu huu wetu, unatoka kule unakuja huku.

"Basi nitatupa kitu, weye utakipata."

Katikati kuna maporomoko. Hakuna kinachofika kizima. Nikamwambia tupa.

Hatukupanda chochote. Kelele za gurudumu juu yetu, muziki, watoto. Salima aliita mara moja, hatukuinuka. Hakuita tena mpaka taa zilipoanza kuwaka.

Jumatatu, 4 Agosti

Wameondoka. Sitaki kuandika.

Jumamosi, 9 Agosti

Niliamka, nikaoga, nikavaa, nikafunga kilemba. Nilikuwa tayari mlangoni ndipo nikakumbuka. Nikavua vyote. Nikakaa kwenye mashini bila kushona. Nina hasira na Ramazani, na wazee, na mimi niliyesema ndiyo. Mama Bea alipita akaniona, akaingia, akakaa nami. Nampenda kwa hilo.

Jumapili, 17 Agosti

Salima alipiga simu kutoka Kindu, akampa Aziza. Sauti ilikuwa inakatika. Nyumba ina mlango wa bluu. Mvua imenyesha. Ameanza kupata rafiki, jina sikulisikia vizuri.

Kisha akauliza kama mtu mzima, "Mama, umekula?"

Nikasema ndiyo.

Mtandao ukaondoka. Nikainuka, nikawasha makaa, nikaosha mchele.